Mjadala: Je, Bunge la Uganda liidhinishe ushirikiano wa kupambana na dawa za kulevya mipakani?

Mleta hoja: Ndugu zangu, msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo. Makubaliano yoyote yanayowaruhusu polisi wetu na wa nchi jirani kubadilishana habari za watu, kufanya misako ya pamoja au kukabidhiana watuhumiwa wa dawa za kulevya yapite Bungeni kwanza, na baada ya hapo Bunge lipewe taarifa za utekelezaji.

Kwa sasa hali sivyo ilivyo. Sheria yetu ya kuridhia mikataba ya 1998 imeliachia Baraza la Mawaziri karibu kila kitu. Bunge linaridhia mikataba ya kusitisha vita, ya kutoegemea upande na ya amani, pamoja na ile inayolazimisha Katiba ibadilishwe. Mingine yote huwekwa mezani kwa wabunge ikiwa imeshaiva. Wenzetu wa Tanzania wameliandikia Bunge lao kazi ya kuridhia mikataba katika ibara ya 63 ya Katiba, na Kenya ina sheria ya 2012 inayopeleka mikataba Bungeni. Nchi hizi tatu zilisaini pamoja itifaki ya kupambana na biashara ya dawa za kulevya mwaka 2001. Kwa nini mbunge wa Nairobi au Dodoma awe na sauti ambayo wa Kampala hana?

Dereva wa Malaba: Napinga, ndugu. Mwenye shehena hasubiri kikao. Akisikia harufu ya msako, mzigo unahamia njia za panya usiku huo huo, na kesho uko Juba au Kigali. Ukipeleka mipango ya polisi kwa wabunge, siri itavuja kabla hawajanyanyuka vitini.

Mleta hoja: Mpango wa msako wa kesho sijautaja, kaka. Nazungumzia mamlaka: nani anaruhusiwa kumkamata nani, wapi, kwa sheria ya nchi ipi. Tazama hapo hapo Malaba. Maofisa wa Kenya na wa Uganda wanafanya kazi katika kituo kimoja kwa sababu ipo Sheria ya Vituo vya Pamoja vya Mipakani ya 2016, iliyotungwa na Bunge la Afrika Mashariki. Mipaka ya kazi yao imeandikwa, na malori hayakusimama kwa ajili ya kuandikwa huko.

Mama Busia: Mimi nauliza la sokoni. Ng'ambo ya pili, Kenya, miraa ni zao linalotambuliwa na sheria. Mtu anavuna, anapakia, anauza mchana kweupe. Ukivuka huku inaitwa mairungi na ni kosa. Tanzania nayo inaikataza. Sasa hao polisi wanaoshirikiana wanashirikiana juu ya nini hasa? Huyu mama aliyekamatwa na fungu moja anahesabiwa pamoja na mfanyabiashara wa heroini? Nataka mbunge wangu aulize swali hilo: waliokamatwa ni wangapi, walikuwa na nini, na wangapi kati yao ni wenye mali kubwa. Kila mara naona vijana wadogo tu wakipandishwa kwenye gari.

Mleta hoja: Dada yangu, hapo ndipo penye uchungu. Idadi isiyotenganisha mairungi na heroini inaweza kuifanya kazi ndogo ionekane kubwa. Kamati ya Bunge ya Ulinzi na Mambo ya Ndani ingeweza kudai takwimu zilizotenganishwa bila kugusa jina la mpelelezi hata mmoja. Ikibidi, ikae faragha.

Wakili wa Mbale: Niongeze suala la kukabidhiana watu. Januari 2017 ndugu wawili wa familia ya Akasha ya Mombasa, Kenya, walioshtakiwa Marekani kwa biashara ya dawa za kulevya, walipelekwa huko wakati shauri la kuwakabidhi lilikuwa bado mahakamani. Baadaye walikiri makosa, na huenda wengi walifurahi. Lakini njia iliyotumika haichagui mtu. Novemba 2024 Dk. Kizza Besigye, mwanasiasa wetu wa upinzani, alichukuliwa Nairobi, na baada ya siku chache akafikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi Kampala. Hiyo haikuwa kesi ya dawa za kulevya. Ndiyo maana nasema, mkizoea kuvusha watu bila hakimu kwa sababu ya heroini, mazoea hayo hayatabaki kwenye heroini.

Dereva wa Malaba: Sawa wakili, hilo nalikubali. Ila Bunge mnalolitegemea ni lipi? Si ndilo lililopitisha sheria ya dawa za kulevya bila akidi, yaani bila idadi ya wabunge inayotakiwa kikaoni, Mahakama ya Katiba ikaifuta Mei 2023?

Mleta hoja: Ndilo, na ilikuwa aibu. Theluthi moja ya wabunge tu ilihitajika. Mashtaka yaliyoegemea sheria ile yakakosa mguu, hadi Bunge likarudia kazi na kuupitisha muswada upya Agosti mwaka huo. Lakini angalia nani aliyegundua kasoro. Ni wakulima na wauzaji wa mairungi wa Wakiso waliokwenda mahakamani, na waliweza kwa sababu sheria ilipita mahali penye kumbukumbu za vikao, ambapo raia anaweza kuuliza akidi ilikuwepo au haikuwepo. Makubaliano yaliyosainiwa ofisini na kufungiwa kabatini, wakulima wale wangeyapinga wapi, na kwa karatasi ipi?