Ski (mbao za kutelezea kwenye theluji) za sm 177 au 184, na baindingi (vifungio vya buti) zifungwe wapi?

Kirumba: Wakuu, kutoka Mwanza naenda Chamonix, Ufaransa, mwezi wa pili. Urefu sm 178, kilo 80, kiwango cha kati. Ski ni za kupita popote mlimani, upana mm 100 katikati. Nichukue urefu upi? Na fundi wa hapa anaweza kufunga baindingi?

Mawe Matatu: Angalia umbo kwanza. Ncha na mkia vikiwa vimeinuka, sehemu inayogusa theluji ngumu hupungua, kwa hiyo 184 utaiona fupi. Mkia ukiwa bapa, 177. Ndefu hutulia kwenye kasi. Kwenye miti itakuchosha kugeuza.

Fundi Ziwa: Alama ya katikati ya soli ya buti ikae juu ya mstari wa kiwandani uliochorwa kwenye ski. Ukisogeza mbele sm 2 ski hugeuka kirahisi, ila ncha huzama kwenye theluji laini. Biti ya kutobolea mm 3.6 kwa ski isiyo na bati ndani, mm 4.1 yenye bati, kina mm 9. Biti isiyo na kizuizi cha kina itatokezea chini, na hapo ski imekwisha. Tia gundi kabla ya skrubu, maji yasiingie kwenye mbao.

Kirumba: 177 ina matundu ya baindingi za zamani.

Fundi Ziwa: Yazibe. Jipya likae angalau sm 1 mbali, la sivyo skrubu hung'oka. Fundi seremala anaweza kutoboa, lakini nguvu ya baindingi kuachia buti unapoanguka ipimwe kwa mashine, hukohuko Chamonix. Ikikaza mno, goti ndilo litaachia.