Uwezekano ukiwa 1, tukio ni la hakika? Naombeni ushauri

MwlNgamiani: Habari zenu wakuu. Nafundisha hesabu tuisheni hapa Tanga. Vijana wangu wa kidato cha sita wamezoea kwamba uwezekano 1 maana yake lazima litokee, 0 haliwezekani. Sasa binti mmoja kauliza: ukichagua namba kati ya 0 na 1 bila upendeleo, uwezekano wa kupata 0.5 kamili ni 0, na kila namba ni hivyo hivyo. Mbona mojawapo ya namba hizo inatokea? Nimjibu vipi, na mtihani ndio huo unakaribia?

MwanaJahazi: Mwalimu, binti huyo usimzime! Tukio la hakika ni lile lenye matokeo yote ndani yake, halina pa kukosea. Uwezekano ni kipimo tunachoyapa matukio. Kolmogorov, mwanahisabati Mrusi, mwaka 1933 aliweka sharti kwamba seti nzima, yaani ya matokeo yote, ipate 1. Hakusema kila chenye 1 ni seti nzima. Tazama mshipi wa kuvulia: nukta moja haina urefu wowote, lakini imo.

Sele_Raskazone: Mimi sikubali. Hakuna chombo kinachosoma 0.5 kamili, tarakimu zina kikomo.

MwanaJahazi: Kwa vipimo vya mkononi uko sahihi, Sele. Ukikadiria hadi tarakimu tatu, ile 0 inatoweka. Ila rusha sarafu bila mwisho: kupata kichwa milele kuna uwezekano 0, na bado hakuna mrusho hata mmoja unaokataza kichwa.

MamaHesabu: Mwalimu, kwenye kete na mipira ya mfukoni, kila tokeo lina uwezekano unaozidi 0, kwa hiyo 1 na hakika ni kitu kimoja. Wasibabaike. Kwenye mgawanyo endelevu, yaani pale namba yoyote ya kati inapoweza kutokea, waulize kipande: kati ya 0.4 na 0.6 ni 0.2. Na akisema sifuri zote zikijumlishwa zinabaki sifuri, mwambie kanuni ya kujumlisha ni ya matukio yanayoweza kupangwa la kwanza, la pili, la tatu. Namba za kati ya 0 na 1 hazipangiki hivyo. Mwanahisabati Cantor alithibitisha mwaka 1874.

MwlNgamiani: Hapo kwenye kujumlisha ndipo aliponibana hasa. Uthibitisho huo unatosha kipindi kimoja?

MamaHesabu: Unatosha, mwanangu. Tumia ule mwingine wa Cantor, wa 1891. Waandike orodha yoyote ya desimali, kisha wabadilishe tarakimu ya kwanza ya namba ya kwanza, ya pili ya namba ya pili, waendelee hivyo. Namba inayoundwa na tarakimu hizo mpya haimo kwenye orodha. Wakibadilisha wasiweke 0 wala 9, maana 0.4999... na 0.5 ni namba moja, na binti huyo atakuuliza.