Dirisha ni kubwa lakini sebule ina giza: msanifu majengo huanza na nini anapochora?

Muulizaji

Habari za leo wanajamvi. Mwaka juzi tulimjengea mama nyumba pembezoni mwa Dar es Salaam kwa ramani niliyoichora mwenyewe, na kwenye karatasi kila chumba kilionekana kimekaa vizuri. Sebule ina mita 6 kwa 5, na upande wa magharibi niliweka dirisha la alumini lenye upana wa mita 3, kwa kuwa niliamini kwamba dirisha likiwa kubwa ndipo chumba kinapopata mwanga. Matokeo yake, ikifika saa tisa alasiri jua huingia hadi katikati ya chumba, mama hufunga pazia zito, kisha huwasha taa. Kila ninapomkuta amekaa chini ya taa mchana kweupe, huwa naumia.

Naomba wenye uzoefu mnieleze: msanifu huuonaje mwanga wakati jengo bado liko kwenye karatasi? Na je, vifaa vya ujenzi huchaguliwa baada ya ramani kukamilika, au vina sehemu yake katika umbo la chumba tangu mwanzo?

Msanifu majengo, Dar es Salaam

Ndugu, ukubwa wa dirisha si tatizo lako la kwanza. Tatizo ni kwamba uliishia kwenye ramani ya sakafu, na ramani ya sakafu haionyeshi jua. Mwanga huonekana katika mchoro wa mkato, yaani jengo likiwa limepasuliwa wima kama papai, ukaona kimo cha dari, unene wa ukuta, upenu wa paa na mtu aliyeketi ndani. Mimi huchora mkato kabla sijaridhika na ramani, nikaweka mshale wa jua la asubuhi, la mchana na la jioni.

Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta. Mwezi Juni, saa sita mchana, jua huwa upande wa kaskazini kwa kimo cha nyuzi 60 hivi kutoka upeo wa macho. Desemba huhamia kusini, likiwa juu zaidi, karibu nyuzi 73. Kwa hiyo dirisha la kaskazini lenye kimo cha mita 1.5 hupata kivuli kamili cha mchana kwa upenu wa sentimita 90 tu unaoanzia juu ya dirisha. Upande wa magharibi hesabu hiyo haifanyi kazi, kwa sababu jua likishuka hadi nyuzi 20 ungehitaji upenu wa zaidi ya mita 4. Ndiyo maana pazia la mama limegeuka kuwa ukuta. Mwanga unaofaa kukaa nao ni ule uliokwisha kugonga kitu kingine kwanza, kama sakafu ya baraza au dari nyeupe, ukapoa kabla ya kumfikia mtu.

Mhifadhi wa nyumba za mawe, Lamu

Swali lako la pili ndilo lililonifanya niandike. Katika nyumba za kale za Lamu, umbo la chumba linatokana na mti. Boriti za mikoko zinazobeba dari hazivuki nafasi kubwa, kwa hiyo upana wa vyumba kwa kawaida haufiki hata mita 3, na chumba kikitaka kukua hukua kwa urefu. Ukuta nao ni wa mawe ya matumbawe na chokaa, mnene kiasi cha nusu mita, hivyo si rahisi kuutoboa ovyo. Mwanga huingia kupitia kiwanda, yaani ua ulio wazi juu, ukapita kwenye misana, yaani vyumba virefu vyembamba vinavyofuatana, na kila hatua unayoingia unapungua hadi kufika chumba kiitwacho "ndani", cha faragha kuliko vyote.

Simama chumbani humo asubuhi na usiwe na haraka. Mwanzoni huoni kitu. Kisha kingo za zidaka, yaani vishubaka vilivyochongwa ukutani, hujitokeza moja baada ya nyingine, kwa kuwa lipu ya chokaa hunasa hata mwanga mdogo na kila kidaka kinashika uzi wa kivuli chini ya ukingo wake. Niliwahi kushiriki kukarabati nyumba ambayo ukuta kama huo ulikuwa umepakwa rangi ya mafuta. Nakshi zote zilikuwepo, lakini ukuta ulikuwa unameremeta tu, na kile kina kilikuwa kimepotea. Tulipoikwangua na kurudisha chokaa, chumba kilirudi.

Muulizaji

Nawashukuru sana. Sasa nimeelewa kosa langu, lakini nyumba imeshasimama. Je, nivunje ule ukuta?

Fundi mkuu, Morogoro

Usivunje kwanza, mdogo wangu. Nje ya dirisha hilo, kama mita moja na nusu hivi, jenga ukuta wa matofali yenye matundu na uufunike kwa paa jepesi, upate kibaraza kitakachovunja jua la jioni. Kisha, kama sebule ina ukuta wa nje upande wa kusini au kaskazini, fungua dirisha dogo karibu na kona na karibu na dari, ili mwanga uteleze juu ya ukuta wa pembeni badala ya kumpiga mtu usoni.

Naunga mkono habari ya mkato. Ukitazama ramani ya Soko la Kariakoo, alilosanifu Beda Amuli na likafunguliwa 1975, utaona nguzo zimepangwa tu. Katika mkato ndipo unapoona kwamba kila nguzo inafunguka juu kuwa mwavuli wa zege uliogeuzwa, unaotoa kivuli na kukusanya maji ya mvua.

Kabla hujanunua tofali hata moja, chora mkato wa sebule hiyo kwa kipimo cha 1:20, mama akiwa kwenye kiti chake, uuweke hapa pamoja na kimo cha dari na umbali kutoka dirishani hadi kwenye kiti.