Mbio ndefu kwenye mvua na baridi ya Njombe: nimeshindwa kufungua kufuli la mlango wangu mwenyewe

Mwalimu_wa_Pwani

Wakuu, habari za Jumatatu. Naomba msinicheke kabla hamjamaliza kusoma. Mkimaliza, ruksa.

Mimi ni mzaliwa wa Pangani, mwalimu wa Jiografia, na huu ni mwaka wa pili nafundisha Njombe. Ubaoni naweza kukuchorea mvua ya milimani mshale kwa mshale: hewa inapanda, inapoa, inakuwa mawingu, inashuka. Kukimbia ndani yake ndiyo mada ambayo sikufundishwa chuoni. Nimejiandikisha kilomita 42 za Moshi, Jumapili ya mwisho ya Februari. Nusu nimeshakimbia mara mbili, nzima bado. Kwa hiyo Januari hii ndiyo ya kupiga tizi la masafa marefu, na Januari ya huku wanaopajua wanapajua. Nguo ukianika Jumamosi unaanua Jumatano, na bado unazimalizia kwa pasi.

Jana ratiba ilisema kilomita 30. Nikatoka saa 12 na robo asubuhi, mawingu tu, hakuna tone. Nikashika barabara ya Makambako, nikapita Kibena, chai imetulia kijani pande zote, nikaenda mpaka saa ya mkononi ikasoma 15. Nikageuza. Kama vile ilikuwa inanisubiri nigeuze! Wala si mvua ya kwetu, ile inayokupiga kwa hasira kisha jua linatoka na unafika nyumbani umekauka. Hii inakuja imelala na upepo, nyembamba, usoni, haina haraka na haina mwisho.

Nilikuwa nimevaa fulana ya pamba ya mahafali ya Kidato cha Nne na juu yake sweta la mtumba. Ndiyo, sweta. Kufika kilomita ya 18 lilikuwa limeshuka hadi mapajani, zito kama mtoto aliyelala. Nikalivua, nikalifunga kiunoni, likawa linanichapa kila hatua.

Kilomita ya 21 nikaona kibanda cha mama muuza mahindi ya kuchoma. Nikasema nijikinge dakika tano. Nilipokuwa nakimbia nilikuwa nimelowa lakini mzima. Niliposimama, hata dakika mbili hazikuisha, meno yakaanza kugongana. Mama wa watu akanipa chai ya rangi, nusu nikaimwagia mapaja kwa kutetemeka. Nikapata wazo la busara: nikaita bodaboda. Kilomita tisa, nimelowa chapachapa, upepo wote wangu. Nilifika mlangoni vidole haviwezi kuzungusha ufunguo. Mtu mzima wa miaka 36 nalilia kufuli langu, hadi jirani akatoka, akaniambia "kamwene" kwa sauti ya kumsalimia mgonjwa, akanifungulia.

Naombeni mnisaidie. Siku kama hiyo mtu anatoka au analala? Akitoka, anavaa nini, tukikumbuka kwamba huu ni mshahara wa mwalimu na si wa mbunge? Na mvua ikimkuta katikati ya safari, ajikinge au akaze mwendo?

Pweza_wa_Supu

Dada, jibu ni moja. Omba uhamisho urudi Pangani.

Mzee_wa_Ngaramtoni

Mwalimu, pole. Huyo wa pweza msamehe, huwa hakimbii hata akifukuzwa.

Nimekimbia miaka 27, mingi yake kwenye matope ya huku chini ya Meru. Nikuambie ukweli: sweta ni kosa, lakini si kosa kubwa. Kosa kubwa ni njia uliyochagua. Ukienda kilomita 15 moja kwa moja, pale unapogeuza ndipo ulipo mbali kabisa na nguo kavu, na mwili ndiyo umeanza kuchoka. Siku ya mvua mimi sisafiri, nazunguka. Nina mzunguko wa kilomita 6 unaopita mlangoni kwangu. Mara tano, 30 hiyo. Nyuma ya mlango naweka ndoo yenye mfuniko, ndani yake taulo, fulana mbili kavu, soksi na chupa ya uji wa moto. Ikiharibika, siku zote niko chini ya kilomita tatu na kitanda changu. Inachosha akili, sikatai. Mzunguko wa tatu utajiuliza umekosa nini duniani.

Upepo nao una adabu zake. Anza nao usoni, rudi nao mgongoni. Wewe ulifanya kinyume: ukaenda unasukumwa, ukatoka jasho, ukarudi nao usoni.

Mavazi: pamba weka kwa ajili ya kanisani. Nenda mnadani katafute jezi za mpira zile za kuteleza, uchague inayobana mwili, haizidi bei ya sahani ya chipsi. Juu yake koti jepesi la nailoni. Huna? Mfuko mpya wa taka, ule mkubwa mweusi, toboa matundu matatu. Utaonekana kituko, ila watu wa kukuona siku hiyo wako ndani wanaota moto. Kepu yenye mdomo ili mvua isikuingie machoni. Soksi kuukuu mkononi badala ya glovu. Mafuta ya mgando mapajani na kwapani, na wanaume wenzangu pia kifuani. Tunajua damu kwenye fulana nyeupe inatoka wapi.

Kukimbia kwenye mvua si mkosi. Marathoni ya Boston 2023 ilikuwa mvua na baridi, na Gabriel Geay wetu akashika nafasi ya pili kwa saa 2:06:04. Kipchoge, yule bingwa wa Kenya, siku ileile alikuwa wa sita.

Nesi_wa_Zamu

Naongezea upande wangu, maana hapo kwenye ufunguo mimi sikucheka.

Maji hupitisha joto mara 25 hivi kuliko hewa. Ukiwa umelowa, mwili unavuja joto muda wote, kinachokuokoa ni misuli, ndiyo jiko. Uliposimama kibandani ulizima jiko ukabaki na maji. Kisha ukapanda bodaboda, yaani ukajipepea. Joto la ndani likishuka chini ya nyuzi 35 hiyo ni dharura, na huanza hivyohivyo: kutetemeka, vidole kukosa kazi, ulimi kuwa mzito, mtu kujikwaa na kujibu hovyo. Mkimwona mwenzenu ameacha kutetemeka ilhali bado amelowa na amezubaa, msifurahi kwamba amezoea. Hapo ndiyo pabaya, apelekwe hospitali.

Kinachofanyika: vua kilicholowa chote kwanza, hata kama ni kibandani na ni aibu. Jikaushe, khanga au blanketi, funika kichwa, chai yenye sukari kama mtu anajitambua. Msimsugue mikono na miguu kwa nguvu. Na ulanzi hapana! Najua ndiyo msimu wake huko kwenu. Pombe inafungua mishipa ya ngozi, unahisi moto huku joto linatoka.

Mei 2021 kule Gansu, China, mbio za milimani za kilomita 100 zilikutwa na mvua ya mawe, upepo na baridi ya ghafla. Walikufa wakimbiaji 21, na wamo waliokuwa wazoefu kabisa. Wengi walikuwa na bukta na fulana nyepesi. Mchungaji mmoja wa kondoo aliokoa sita kwa kuwaingiza pangoni na kuwawashia moto. Mwalimu, mama wa mahindi ndiye alikuwa mchungaji wako. Mpelekee sukari kilo moja.

Limuru_Kwa_Ukungu

Pole mwalimu. Huku Limuru mwezi wa saba ni hivyo kila asubuhi, na sisi hutoka tu. Kofia ya marvin kichwani, jaketi, twende. Masikio ufunike kabisa: London 2020 ilikuwa mvua na baridi, na Kipchoge akamaliza wa nane, akasema sikio lilikuwa limeziba.

Lakini nilitaka kukuambia juu ya Boston 2018. Siku hiyo ilikuwa mvua baridi kama barafu na upepo wa mbele, wakimbiaji wakubwa wakaacha njiani mmoja baada ya mwingine. Geoffrey Kirui wetu, bingwa wa dunia, alikuwa anaongoza, na kilomita za mwisho akapitwa na Mjapani Yuki Kawauchi, saa 2:15:58. Unajua Kawauchi alikuwa anafanya kazi gani? Alikuwa karani wa shule ya sekondari. Mtu wa shule kama wewe. Alisema hiyo ndiyo hali ya hewa anayoipenda.

Bonge_wa_Tabata

Mimi naona mnamdanganya mwalimu. Moshi Februari ni jua la kukaanga mayai. Mazoezi ya baridi yatamsaidia nini akianza kupanda kilima cha Mweka saa tatu asubuhi linawaka? Aingie gym akimbie kwenye mashine, amalize.

Mwalimu_wa_Pwani

Bonge, gym ya karibu yangu ina mashine moja na juu yake wameanika mataulo. Kuhusu jua, una hoja, na mimi ninayo damu ya Pangani lakini imepoa miaka miwili. Mpango wangu ni wiki mbili za mwisho, jua likijitokeza saa nane mchana, nikimbie mwendo mdogo na traksuti juu. Mwili huzoea joto ndani ya siku kumi hadi kumi na nne. Miguu ndiyo haizoei kilomita 30 kwa kusomewa.

Mzee, nimeuelewa mzunguko. Nesi, sukari imeshapelekwa. Mama alikataa, kisha akapokea, kisha akanipa mahindi mawili.

Mwalimu_wa_Pwani (Jumatatu iliyofuata)

Nimerudi na taarifa.

Jezi ya mpira nimeipata mnadani, mgongoni ina namba 4 na jina la mtu nisiyemjua. Juu yake mfuko wa taka. Wanafunzi watatu wa Kidato cha Tatu wameniona, kwa hiyo shule nzima imeniona. Nilipata mzunguko wa kilomita 6 kupitia nyuma ya soko na kurudi kwa juu, na ndoo nikaikabidhi kwa jirani, yuleyule wa kufuli, akakaa nayo barazani kama mwamuzi.

Mizunguko miwili kavu. Wa tatu mvua, ileile nyembamba. Nilikuwa nimelowa na nina joto, jambo ambalo sikujua linawezekana. Mikono kwenye soksi ilikuwa mizima. Kiu sikuisikia kabisa, nikajilazimisha uji kila nikipita. Mwisho wa mzunguko wa nne, kilomita 24, radi. Hapo Jiografia ikanifaa kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe: mmweko, nikahesabu hadi mngurumo, sekunde 12, gawanya kwa tatu, kilomita nne. Kulia kwangu kulikuwa na misonobari mizuri ya kujikinga. Nikaipita mbio, maana chini ya mti ndipo pa kufia.

Nikaingia ndani, nikavua vyote, nikajikausha, nikavaa kavu, nikakaa na blanketi. Nusu saa baada ya mngurumo wa mwisho nikatoka tena na fulana ya pili, nikamaliza sita zilizobaki. Mguu wa kushoto ulikuwa umekakamaa kama mlango wa mbao masika, ukalainika kilomita ya pili. Kufuli nimelifungua mwenyewe, jirani akapiga makofi.

Swali: 24 na 6 zenye blanketi katikati, naandika 30 kwenye daftari au nitakuwa nimedanganya?

Mzee_wa_Ngaramtoni

Andika 30. Pembeni andika "radi". Raba umezijaza magazeti zikauke?

Mwalimu_wa_Pwani

Magazeti sikupata. Nimejaza mitihani ya majaribio ya Kidato cha Pili. Imefyonza vizuri kuliko ilivyojibiwa.