Kama radikali huru ndizo zinazoharibu seli, mbona vidonge vya antioksidanti havikuzuia saratani?

Mdadisi_wa_Seli: Wakuu, naomba ufafanuzi. Radikali huru ina elektroni isiyo na mwenzake, kwa hiyo hunyang'anya elektroni kwenye mafuta ya utando wa seli, protini na DNA. Hapo sina ubishi. Lakini majaribio makubwa ya beta-karotini (antioksidanti, yaani kitu cha kuzima radikali) hayakuzuia saratani, na mengine yalidhuru watu. Kosa liko kwenye nadharia au kwenye vidonge?

Biokemia_Kwanza: Kosa ni kuzitia zote kapu moja. Ndani ya mitokondria (mitambo ya nishati ya seli) elektroni huvuja, hasa kwenye kompleksi I na III za mnyororo wa kupitisha elektroni, oksijeni inazidaka na kuwa superoksaidi, ambayo ni radikali. Kimeng'enya cha SOD (superoksaidi dismutasi), walichokitambua McCord na Fridovich mwaka 1969, huigeuza kuwa haidrojeni peroksaidi, ambayo yenyewe si radikali. Vimeng'enya vya katalasi na glutathioni peroksidasi humalizia kazi, yanabaki maji.

Balaa huanza peroksaidi inapokutana na chuma kisichofungwa (Fe2+). Hapo huzaliwa radikali ya haidroksili, nayo hugonga chochote kilicho jirani kabla haijasafiri popote. Ikigonga guanini (herufi G ya DNA) hupatikana 8-oksoguanini, ambayo huweza kuoana na adenini badala ya sitosini. Isiporekebishwa kabla DNA haijanakiliwa, G inaishia kuwa T.

Sasa pima mwenyewe: ili vitamini iwahi kuidaka haidroksili, ingebidi iwe nyingi kuliko mafuta, protini na DNA zote zilizo karibu. Haiwezekani. Seli yenyewe haijaribu. Huiondoa peroksaidi mapema na kukifungia chuma ndani ya feritini, protini ya kuhifadhi chuma. Ndiyo maana kwenye ugonjwa wa hemokromatosisi, chuma kinapofurika mwilini, ini, kongosho na moyo huumia, na tiba ni kutoa damu ili chuma kipungue.

Wodi_ya_Ndani: Naongezea takwimu. Jaribio la ATBC la Finland lilihusu wanaume wavutaji sigara 29,133. Waliopewa beta-karotini miligramu 20 kwa siku walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wenzao (matokeo ya 1994). CARET ya Marekani ilitumia miligramu 30 pamoja na vitamini A uniti 25,000, ikasimamishwa mapema mwaka 1996 kwa madhara yaleyale. Mvuta sigara asimeze vidonge vya beta-karotini, basi.

Tena radikali si adui wakati wote. Seli nyeupe hutengeneza superoksaidi makusudi, kwa kimeng'enya cha NADPH oksidasi, ili kuua vijidudu. Mtoto aliyezaliwa na hitilafu kwenye kimeng'enya hicho huandamwa na maambukizi ya Staphylococcus aureus na fangasi wa Aspergillus.

Mdadisi_wa_Seli: Nimeelewa, shukrani. Je, kuna mahali elimu hii inabadilisha uamuzi wa tiba?

Wodi_ya_Ndani: Tena sana. Chukua primakwini, dawa ya kuzuia malaria ya vivax isirudi. Seli nyekundu haina mitokondria; NADPH (mbeba elektroni) ya kurejesha glutathioni, kinga yake dhidi ya oksidanti, inakitegemea kimeng'enya cha G6PD. Kimeng'enya kikipungua, dawa inazalisha oksidanti, himoglobini inaharibika, seli zinapasuka na mkojo unakuwa mweusi. Kwa hiyo pima G6PD kabla ya dozi ya siku 14. Ambaye utendaji wa G6PD yake uko chini ya asilimia 30 ya kawaida asipewe dozi ya kila siku. Hufikiriwa miligramu 0.75 kwa kilo mara moja kwa wiki, wiki 8, chini ya uangalizi wa karibu. Angalizo: usikiamini kipimo kilichochukuliwa mara tu baada ya seli kupasuka. Zilizokufa ni zile kuukuu zenye kimeng'enya kidogo. Changa zilizobaki zinacho zaidi, na jibu linaweza kuja "kawaida" kwa uongo.

Biokemia_Kwanza: Usisahau sumu ya magugu, parakwati. Hujikusanya mapafuni, huchukua elektroni na kuikabidhi oksijeni, kisha hurudia mzunguko huohuo bila yenyewe kuisha. Ukimwongezea mgonjwa oksijeni unaongeza superoksaidi, kwa hiyo haitolewi kwa mazoea. Huanzishwa pale tu kiwango cha oksijeni kwenye damu kimeshuka vibaya.