Ushauri: Kufupisha shafti ya usukani kwenye gari la kujiundia, krosi mbili zinasumbua

Mleta mada
Wakuu, chesisi ni ya mabomba, injini iko mbele. Shafti ya usukani nimeitoa kwenye saluni, na kutoka hapo hadi kwenye reki (mtambo unaogeuza magurudumu) kuna krosi mbili, yaani viungo vinavyopinda, na kipande cha katikati. Ili usukani ukae mbele ya dereva, shafti imezidi mm 140. Sijakata chuma bado. Nimeigiza kwa bomba la plastiki. Krosi ya juu imepinda digrii 18, ya chini digrii 34, zote kuelekea upande mmoja, na kwa kutazama kutoka juu shafti zote zimenyooka. Tatizo ni kwamba usukani unakimbia halafu unazubaa, mara mbili kila mzunguko. Krosi zimekufa? Na nikishakata, nichomee wapi?

Mchangiaji 1
Krosi ni nzima mkuu. Krosi moja iliyopinda haizungushi kwa mwendo sawa, ndivyo ilivyoumbwa. Ya pili huwekwa ifute kosa la kwanza, na hilo linawezekana kwa masharti mawili tu: pembe ziwe sawa, na uma mbili (mikono ya krosi) zilizoshika kipande cha katikati zilale kwenye bapa moja, yaani zitazame upande mmoja. Kwa 18 na 34, hata uma zikiwa sawa, reki itakimbia hadi asilimia 15 zaidi ya usukani na kuchelewa hadi asilimia 13. Uma zikipishana digrii 90 inakuwa asilimia 27 na 21, na hiyo haiendesheki.

Jumla yako ni 52, kwa hiyo unatafuta 26 kwa 26. Vuta uzi kufuata mstari wa shafti ya juu, mwingine kufuata pinioni (shafti fupi inayoingia kwenye reki), uone zinapokutana. Kutoka hapo pima hadi katikati ya kila krosi. Vipimo viwili vikilingana, pembe zimelingana.

Mleta mada
Krosi ya juu mm 200, ya chini mm 110. Uma ziko sawa.

Mchangiaji 1
Basi sogeza krosi ya juu mm 90 kuelekea reki. Maana yake, 140 iliyozidi toa 90, shafti unaikata mm 50 tu. Kipande cha katikati kitapungua kutoka kama mm 280 hadi kama 198, kati kwa kati. Ndiyo maana hukati chuma kabla ya kupanga pembe.

Mchangiaji 2
Kwenye kuchomea: usichomee. Shafti hizi nyingi si fimbo moja. Ni fimbo iliyoingia kwenye bomba, imeshikwa na pini za plastiki zinazokatika gari likigonga, ili shafti ijikunje badala ya kumchoma dereva kifuani. Weldi ikipita hapo, hata doa moja, umetengeneza mkuki. Kanuni Namba 12 ya Umoja wa Mataifa hairuhusu ncha ya juu ya shafti irudi nyuma zaidi ya mm 127 gari likigonga ukuta kwa kilomita 48.3 kwa saa. Shafti iliyogandishwa inaweza kushindwa kipimo hicho. Halafu chuma chake ni kigumu: pembeni mwa weldi iliyopoa haraka kinakuwa kama kioo, na ufa hauonekani kwa macho.

Kata mm 50 upande wa chini, mbali na sehemu ya kujikunja, kisha mpe fundi wa lathe achonge bapa mbili zinazotazamana kwenye ncha. Nunua krosi yenye tundu la umbo hilohilo. Kwanza hakikisha ncha hiyo ni chuma kizima. Ikiwa ni bomba, bapa zitaila hadi iwe karatasi. Bomba la nje linalofunika shafti nalo likatwe mm 50 na beringi ya chini irudishwe mdomoni. Bila beringi hiyo ncha inayumba, na hakuna krosi itakayotulia.

Mchangiaji 3
Mnasahau mabano ya juu, yanayoshikilia shafti chini ya dashibodi. Kwenye saluni nyingi bolti hupita kwenye vipande vidogo vya kuteleza vilivyoshikwa kwa plastiki. Wajenzi huvitupa, wanaweka washa nene na kukaza. Vitunze, ndivyo vinavyoiachia shafti iteleze.

Upande wa krosi: kwenye ncha yenye meno, bolti ya kubana lazima ipite kwenye mfereji wa shafti. Ikipita pembeni, krosi inaweza kuchomoka hata kama imekazwa sana. Meno yahesabiwe pia, usiamini kipenyo peke yake. Ya 36 hayakubali ya 30. Kwenye ncha ya bapa, toboa kishimo kidogo pale skrubu inapobana, weka gundi ya nyuzi na nati ya kufungia juu yake.

Mleta mada
Nimepanga upya kwa bomba la plastiki, mwendo umenyooka. Ila kipande cha katikati kimepita mm 12 kutoka kwenye manifoldi ya ekzosti.

Mchangiaji 3
Ni ndogo. Injini inayumba kwenye raba zake, hasa ukikanyaga mafuta ghafla. Tafuta mm 20 au zaidi, na weka bati la alumini katikati, maana joto hukausha grisi ya krosi.

Mchangiaji 1
Usiikwepe manifoldi kwa kusukuma krosi moja pembeni. Shafti zikitoka kwenye bapa moja, uma nazo zinahitaji kuzungushwa kiasi, na jino moja kati ya 36 ni digrii 10 nzima. Ukilazimika kuongeza krosi ya tatu, moja ya shafti mbili za katikati lazima ishikwe na beringi kwenye chesisi, la sivyo itapigapiga.

Ukishafunga chuma, magurudumu ya mbele yakiwa juu ya stendi, bandika kipimapembe kwenye usukani. Zungusha digrii 30 kwa 30 na pima kila mara reki imesogea milimita ngapi. Hatua zikitofautiana, vuta tena zile nyuzi mbili upime upya.