Naomba ushauri: filamu ipi niwaonyeshe wanafunzi kuhusu Kiingereza na tabaka shuleni?

MwalimuChaki:
Wakuu, salaam. Nafundisha sekondari ya serikali, nasimamia klabu ya filamu ya kidato cha pili. Darasani kuna mpasuko: waliotoka English medium ndio wanaojibu, waliotoka kayumba, yaani shule za msingi za serikali, wananyamaza hata kwa jambo wanalolijua vizuri. Nataka filamu itakayowafungua midomo. Ninazo Hindi Medium (2017) na The First Grader (2010). Ya kwanza ni vichekesho, nachelea wa kayumba wakaona ndio wanaochekwa. Nichukue ipi?

BintiPongwe:
Mwalimu, wanaochekwa mle ni wenye nazo. Irrfan Khan ana duka la nguo Chandni Chowk, hela anayo, Kiingereza hana, na shule za kishua za Delhi zinamsaili mzazi kabla ya mtoto. Anaishia kuhamia mtaa wa maskini ajifanye fukara, bintiye apate kiti kwenye ile robo ambayo sheria ya India ya 2009 inawatengea watoto wa wasio nacho. Jirani aliyewapokea, mwanawe anakosa. Hapo hucheki tena. Kinachoniudhi ni dawa yake: tajiri atubu, afungue pochi, shule ya serikali ing'ae. Shule zetu ngapi zina tajiri wa kutubu?

Msafiri254:
First Grader ni tamu, sikatai. Mzee Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza mwaka 2004 akiwa na miaka 84, baada ya serikali ya Kibaki kuondoa karo. Anarudishwa langoni kwa kukosa sare, anaikata suruali iwe kaptura. Elimu bure, sare juu yako! Ila kwa suala la lugha haitakufaa: mzee asiyejua kusoma anajieleza kwa Kiingereza karibu filamu nzima, ili mtazamaji wa ng'ambo asisumbuke.

MlaSinema:
Zote weka pembeni. Tafuta Entre les murs ya Laurent Cantet, ilishinda Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Cannes, 2008. Ni darasa moja la Paris, na wanafunzi si waigizaji wa kazi. Mabinti wanambana mwalimu: kwa nini mifano yake ya sarufi kila siku ni "Bill", majina ya kwao hayaandikiki ubaoni? Halafu kuna mama wa Souleymane. Ameitwa kikao cha nidhamu, Kifaransa hajui, na mtoto huyohuyo anayeshtakiwa ndiye anayemtafsiria mama utetezi wake.

BintiPongwe:
Filamu ya Kifaransa, maandishi ya Kiingereza chini? Wa kayumba watabaki nje tena, safari hii na filamu inayowazungumzia wao.

MzeeWaKibanda:
Kwani lazima wasome? Enzi za vibanda umiza, yale mabanda ya video, DJ Lufufu alitutafsiria filamu nzima kwa Kiswahili na banda zima likaelewa. Mwalimu, chukua mazungumzo ya hicho kikao, yageuze Kiswahili, kisha mpe mmoja wa hao wanaonyamaza awe DJ.

MwalimuChaki:
Aisee. Yupo mmoja, darasani humsikii, uwanjani ndiye mtangazaji wa mechi. Nitaanza na kipande cha kikao peke yake. Tatizo mkuu wa shule: Kiswahili mwisho getini.

Msafiri254:
Fanya Jumamosi, yeye hayupo.

MlaSinema:
Au mwalike, akae mstari wa mbele.